Mjenzi wa Nyumba na wa Watu

Hotuba ya ukumbusho iliyosomwa katika mkutano mkuu wa mwaka



Chama chetu kina desturi njema. Kila mwaka, baada ya hesabu ya fedha kusomwa na kabla ya mkutano kufungwa kwa sala, tunamkumbuka mtu mmoja aliyetangulia ambaye maisha yake yaweza kutufaa sisi tuliobaki. Mwaka huu sisi tuliopewa kazi hiyo tumemchagua mtu ambaye hakuna hata mmoja wetu aliyemwona kwa macho, wala yeye hakukanyaga nchi hii ya Kenya. Twajua kuna wazee watakaouliza: je, marehemu wetu wenyewe wamekwisha, hata tukaazime wa ng'ambo? Swali hilo ni la haki. Twaomba mtusikilize mpaka mwisho, kisha mtuhukumu.

Mtu huyo ni Robert Robinson Taylor, Mwamerika mweusi. Alikuwa injinia wa majumba, yaani mtu achoraye ramani na kusimamia ujenzi mpaka paa lipande. Alikuwa mwalimu kwa muda wa karibu miaka arobaini. Na alikuwa baba wa nyumba. Tumemchagua kwa sababu ya neno moja ambalo hurudi kila mara kamati inapoketi kugawa fedha za karo. Mzazi akija kumwombea mwanawe nafasi ya kusomea uwakili au udaktari, sote hutikisa kichwa kwa furaha. Akija mwingine ambaye mwanawe ataka kujifunza uashi, useremala au ufundi wa umeme, kimya huingia, na mtu mmoja husema kwa sauti ya chini, "Basi huyo hakufaulu." Tulipoyasoma maisha ya Taylor tuliona kwamba neno hilo latupasa kulitazama upya.

Robert Taylor alizaliwa tarehe 8 Juni 1868 katika mji wa bandari uitwao Wilmington, jimbo la North Carolina. Utumwa ulikuwa umekomeshwa Marekani mwaka 1865, miaka mitatu tu kabla ya kuzaliwa kwake. Baba yake, Henry Taylor, alizaliwa na mama mtumwa, na aliyemzaa alikuwa mzungu mwenye kumiliki watumwa. Huyo bwana alimruhusu kufanya kazi ya useremala na biashara kwa faida yake mwenyewe, na kwa mikono yake Henry akawa mkandarasi wa majengo na mwenye duka, mtu wa kuheshimiwa katika mji wake. Kijana Robert alisoma katika shule iliyowekwa na wamishenari kwa ajili ya watoto wa watu weusi, na baada ya masomo akafanya kazi katika majengo ya baba yake. Kwa hiyo alijua uzito wa tofali mkononi kabla ya kujua jina la chombo hata kimoja cha kuchorea ramani.

Mwaka 1888 alisafiri mpaka Boston, akafanya mtihani, akaingia katika Massachusetts Institute of Technology, chuo kikubwa cha ufundi ambacho siku hizo kilikuwa katika mji huo. Alisomea ujenzi na uchoraji wa majumba. Mwaka 1892 alihitimu, akiwa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada katika chuo kile. Kazi yake ya mwisho ya masomo ilikuwa ramani ya makao ya askari wazee. Yafaa tukumbuke kijana huyo alikuwa na umri gani: miaka ishirini na minne, mjukuu wa mama mtumwa, naye ana cheti ambacho wazungu wengi wa nchi ile walikitamani wasikipate. Milango michache ilikuwa wazi kwake, na mmojawapo ulikuwa wa Booker T. Washington.

Jina la Washington wazee wengi hapa walilisikia shuleni. Mwaka 1881 alianza shule ya Tuskegee, katika jimbo la Alabama, kwa ajili ya vijana weusi ambao wazazi wao walikuwa watumwa jana tu. Hakuwa na majengo wala fedha. Aliamua kwamba wanafunzi watajenga shule yao wenyewe, na kwamba watachoma matofali yao wenyewe. Katika kitabu cha maisha yake asimulia jinsi walivyoshindwa. Tanuri la kwanza liliharibika, na la pili, na la tatu pia. Fedha zilikuwa zimekwisha. Akaichukua saa yake, akaenda nayo mji wa Montgomery, akaiweka rehani kwa dola kumi na tano, akarudi kujaribu mara ya nne. Tanuri la nne likafaulu. Saa ile hakuikomboa kamwe, wala hakujutia.

Hapo ndipo Washington alipomhitaji mtu kama Taylor. Kuchoma tofali zuri ni kazi moja; kulipanga lisimame miaka mia ni kazi nyingine. Taylor alifika Tuskegee mwishoni mwa mwaka 1892. Angeweza kuketi mezani na kuchora, akawaachia wengine udongo. Hakufanya hivyo. Alianzisha masomo ya uchoraji wa ramani, na akataka kila mwanafunzi wa uashi, useremala, uhunzi na mabomba ajifunze kuisoma ramani ya kazi anayoifanya. Kijana aliyechimba udongo asubuhi alionyeshwa jioni, juu ya karatasi, mahali ambapo tofali lake lingewekwa na kwa nini lingewekwa hapo. Hivyo vijana walijifunza kuuliza sababu ya kila tofali.

Jengo moja lilikuwa la moyo wake kuliko yote, nalo ni kanisa la chuo. Lilijengwa kati ya mwaka 1896 na 1898. Ramani ilikuwa ya Taylor. Matofali, zaidi ya milioni moja, yalifinyangwa na kuchomwa na wanafunzi. Na waliojenga kuta ni wanafunzi. Likawekwa taa za umeme, wakati umeme ulipokuwa jambo geni katika wilaya ile. Baadaye zikafuata nyumba ya mkuu wa chuo, maktaba, mabweni na ukumbi mkubwa wa kulia chakula. Mgeni aliyetembea Tuskegee katika siku zile alitembea kati ya kuta zilizochorwa na mtu mweusi, zikajengwa na watu weusi, kwa matofali ya udongo wa shamba lao wenyewe.

Tusidhani kwamba hayo yalifanyika katika wakati wa amani. Katika mwaka ule ule wa 1898 kanisa lilipomalizika, tarehe 10 Novemba, kundi la wazungu wenye silaha liliipindua serikali ya mji iliyochaguliwa kwa kura huko Wilmington, mji aliozaliwa Taylor. Watu weusi waliuawa, na wengi wakaukimbia mji walioujenga kwa mikono yao. Mtu aliyesikia habari kama hizo kutoka kwao angeweza kukata tamaa na kusema: tunajenga kwa faida gani, ikiwa siku moja yaweza kuyafuta yote? Taylor aliendelea kujenga na kufundisha.

Kwa muda wa miaka michache alihamia mji wa Cleveland, upande wa kaskazini, akafanya kazi ya kuchora majumba. Kisha akarudi Tuskegee, akawekwa kuwa mkuu wa idara yote ya ufundi, yenye waashi, maseremala, wahunzi, mafundi wa mitambo na wengine wengi. Wengine waliopita Tuskegee katika miaka yake walipata majina makubwa. William Sidney Pittman alikwenda kujenga Washington na Texas. Vertner Tandy akawa mtu mweusi wa kwanza kusajiliwa kuwa msanifu wa majengo katika jimbo la New York. Lakini walio wengi majina yao hayakuandikwa mahali po pote. Walirudi vijijini kwao, wakajenga makanisa madogo, maduka na nyumba za ndugu zao, na nyumba hizo zilisimama wima kwa sababu aliyezijenga alikuwa amefundishwa kutumia timazi.

Ndugu wanachama, hapa twataka kusema neno ambalo wazee wetu wanalifahamu kuliko sisi. Elimu ya kazi za mikono ilikuwa na maadui huko Marekani, na maadui hao hawakuwa wajinga. Msomi mkuu W. E. B. Du Bois aliandika mwaka 1903 akimpinga Booker Washington, kwa hofu kwamba mtu mweusi akifundishwa kazi za mikono pekee, atanyimwa kura, atanyimwa elimu ya juu, na atabaki chini siku zote. Hapa kwetu hofu ilikuwa ile ile, nayo ilikuwa na msingi. Mwaka 1909 Nelson Fraser, aliyeitwa na serikali ya kikoloni kutoa shauri juu ya elimu, alishauri kwamba Waafrika wafundishwe hasa ufundi wa mikono. Wazee wetu walielewa maana yake: Mwafrika ashike nyundo, na mwingine ashike kalamu ya kuamua nyundo ipige wapi. Ndiyo sababu watu wetu walidai Kiingereza na vitabu, wakajenga shule zao za kujitegemea. Hatusemi walikosea. Walikuwa na haki.

Lakini tazameni jinsi Taylor alivyolijibu jambo hili bila kubishana na mtu. Yeye alikuwa na elimu ya juu kabisa ya ufundi iliyopatikana katika nchi yake, na elimu hiyo akaipeleka kwenye tanuri la matofali. Mkononi mwake kalamu na mwiko havikuwa vya watu wawili. Mwaka 1911, chuo chake cha zamani kilipoadhimisha miaka hamsini, aliitwa Boston kuhutubia. Aliwaeleza wakubwa waliokusanyika kwamba alichokichukua kwao na kukipeleka Tuskegee kilikuwa kupenda kazi iliyofanywa sawasawa, na kutia fikira za utaratibu hata katika kazi inayoonekana duni. Neno hilo ndilo linalotofautisha ufundi wa mtu huru na kazi ya kutumwa. Anayetumwa hubeba tofali asijue ukuta ni wa nini. Aliye huru huijua ramani.

Jambo la pili alilolifanya lilienea kuliko majengo yote ya Tuskegee. Mwaka 1912 tajiri mmoja wa Chicago, Julius Rosenwald, alikipa chuo zawadi ya dola 25,000. Baadhi ya fedha hizo zikatumiwa kujenga shule sita ndogo za vijijini kwa watoto weusi wa Alabama. Kutoka hizo sita mpango ukakua, hata kufikia mwaka 1932 shule karibu elfu tano zilikuwa zimejengwa katika majimbo kumi na tano ya kusini. Ramani za mwanzo zilitoka Tuskegee, na Taylor alikuwa miongoni mwa waliozitayarisha. Zilikuwa ramani za watu maskini wenye akili: madirisha marefu upande unaoleta nuru, ili mtoto asome pasipo taa. Tena tajiri hakutoa gharama yote. Ilikuwa sharti wanakijiji wachange sehemu yao, na asiye na fedha akatoa mbao, au ardhi, au nguvu za mikono yake. Sisi watu wa Kenya tunalo neno letu kwa jambo hilo. Ni harambee, hata kama wao hawakulijua.

Tena uzi huo ulifika hata hapa kwetu. Mwaka 1924 ujumbe wa elimu wa Phelps-Stokes ulipita Kenya, na ndani yake alikuwamo James Aggrey, mwana wa Pwani ya Dhahabu ambayo leo ni Ghana. Mwaka uliofuata Jeanes School ikafunguliwa Kabete, kwa mfano wa kazi ya walimu weusi wa vijijini huko kusini mwa Marekani. Wazee watakumbuka kusimuliwa kwamba mwalimu aliyekwenda Kabete hakwenda peke yake: alichukua mke na watoto, wakapewa nyumba, na mama naye akafundishwa. Mbiyu Koinange naye alisoma Hampton, shule ile ile aliyosomea Booker Washington mwenyewe. Aliporudi, mwaka 1939 chuo cha walimu cha Githunguri kikaanzishwa, na watu wakachanga kwa marika yao ili kipate majengo ya mawe. Serikali ya kikoloni ilikifunga mwaka 1952. Lakini waliosoma pale hakuna aliyeweza kuwafunga vichwa vyao.

Taylor mwenyewe alifika Afrika mara moja. Mwaka 1929, akiwa na miaka sitini na mmoja, alivuka bahari mpaka Liberia, akasaidia kupanga chuo cha ufundi na kilimo mahali paitwapo Kakata. Chuo hicho kilipewa jina la Booker Washington. Nchi ile imepita katika vita vikali tangu siku hizo, lakini chuo kipo hata leo, na vijana hujifunza ufundi pale.

Sasa twende nyumbani kwake, maana mtu aweza kusifiwa barazani na kulaumiwa jikoni. Mwaka 1898 Taylor alimwoa Beatrice Rochon, na Mungu akawapa watoto wanne. Mwaka 1906 Beatrice akafariki. Wenzetu walio wajane hapa hawahitaji kuelezwa maana yake: mwanamume mwenye kazi ya watu mamia mabegani, na nyumbani watoto wanne wanaomwulizia mama yao. Hakuiacha kazi, wala hakuwaacha watoto. Miaka sita baadaye, mwaka 1912, alioa tena. Mke wake wa pili aliitwa Nellie Chestnutt. Namna alivyowalea wale watoto hatuhitaji kuikisia, kwa sababu matokeo yake yanaonekana. Waswahili husema mwana umleavyo ndivyo akuavyo.

Mwanawe aliyechukua jina lake, Robert Rochon Taylor, alihamia Chicago. Kuanzia mwaka 1929 alisimamia nyumba za kupanga zilizojengwa na yule yule Rosenwald kwa ajili ya familia za watu weusi, akazitunza vizuri. Baadaye akawa mtu mweusi wa kwanza kuwa mwenyekiti wa halmashauri ya nyumba za umma ya mji ule. Alitaka nyumba za maskini zijengwe katika mitaa yote, ili weusi na weupe wawe majirani. Madiwani wakakataa. Mwaka 1950 akajiuzulu, kuliko kutia sahihi jambo ambalo dhamiri yake ililipinga. Alifariki mwaka 1957. Kisha sikilizeni dunia ilivyo: mji ukajenga majumba 28 ya ghorofa kumi na sita kila moja, yakipangwa mstari mmoja na kujazwa maskini weusi pekee, kinyume kabisa cha alilolipigania. Yalipomalizika mwaka 1962 yalikuwa yamepewa jina lake. Kufikia mwaka 2007 yote yalikuwa yamebomolewa. Zile nyumba za zamani alizozisimamia kwa mkono wake zingali zimesimama. Hapa tumejifunza kwamba jina laweza kubandikwa ukutani na watu wasiojali mwenye jina alitaka nini.

Binti wa huyo mwana, Barbara Taylor Bowman, akafuata upande wa ualimu wa babu yake. Alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chuo cha Erikson huko Chicago mwaka 1966, chuo cha kuwafundisha walimu wa watoto wadogo. Aliifanya kazi hiyo mpaka uzeeni, akafariki mwaka 2024. Na binti yake Barbara, Valerie Jarrett, kuanzia mwaka 2009 hadi 2017 alikuwa mshauri mkuu wa Rais wa Marekani. Rais huyo ni yupi, wazee? Ni Barack Obama, ambaye baba yake alitoka kwetu hapa, Siaya. Basi mjukuu wa fundi Henry, aliyezaliwa na mama mtumwa, alizaa ukoo ambao siku moja uliketi kushauriana na mwana wa Mjaluo katika jumba kubwa kuliko yote ya nchi ile. Sasa mwaona kwa nini hatukumhesabu Taylor kuwa mgeni kabisa kwetu.

Taylor alistaafu katika miaka ya 1930, akarudi Wilmington, mji wa kuzaliwa kwake, ule uliomwaga damu ya watu wake. Huko aliendelea kusaidia mambo ya elimu. Lakini mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Tarehe 13 Desemba 1942 alikuwa Tuskegee kwa ziara, akaingia kanisani kusali, katika kanisa lile alilolichora akiwa kijana na kulijenga na wanafunzi wake. Ibada ikiendelea, akaanguka. Wakamchukua hospitalini, akafariki siku ile ile. Alikuwa na umri wa miaka sabini na minne. Alizikwa kwao Wilmington.

Tungeweza kumaliza hapo, na hadithi ingekuwa nzuri: mjenzi amelala ndani ya kazi ya mikono yake. Lakini kweli yatupasa kuisema mpaka mwisho. Mwaka 1957 radi ilipiga kanisa lile, likawaka moto, likateketea. Zaidi ya matofali milioni moja, jasho la vijana wa miaka miwili, yakawa magofu kwa usiku mmoja. Kanisa jipya lililofuata, lililokamilika mwaka 1969, halifanani nalo. Mwaka 2015 posta ya Marekani ilitoa stempu yenye picha ya Taylor. Ni heshima njema, lakini stempu ni karatasi.

Basi nini kilichobaki? Tumeliuliza swali hilo sisi kwa sisi tulipokuwa tukiitayarisha hotuba hii, na jibu letu ni hili. Kama Taylor angalikuwa mjenzi wa majumba tu, radi ingalimaliza nusu ya kazi yake. Kama angalikuwa mtu wa jina tu, Chicago ingalimaliza nusu ya pili. Kilichobaki ni watu. Ni waashi waliorudi vijijini na kuwafundisha waashi wengine. Ni watoto waliosoma katika shule zenye madirisha marefu. Ni chuo cha Kakata. Ni mjukuu aliyefundisha walimu. Hayo hayana paa la kuungua.

Sasa turudi nyumbani kwetu. Chama chetu ni cha kusaidiana. Tunapofiwa twachanga bila kuulizwa, na hilo ni jema. Asiyezika wenzake naye atazikwa na nani? Lakini tukitazama hesabu iliyosomwa leo asubuhi kwa macho ya kweli, tutaona kwamba mkono wetu ni mwepesi zaidi kumfungulia aliyekufa kuliko anayeanza maisha. Jeneza hulinunua kwa siku moja. Kijana mwenye kutaka vifaa vya ufundi humwambia angoje mkutano ujao. Na tukimsaidia kijana, tunataka awe na tai shingoni, maana tai ndiyo huonekana katika picha.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, sisi tuliopewa kazi ya ukumbusho twaomba kuleta mbele ya mkutano mambo matatu. La kwanza, sehemu ya fedha za karo itengwe kila mwaka kwa ajili ya vijana wanaojifunza ufundi, wavulana kwa wasichana, wala wasihesabiwe kuwa walioshindwa. La pili, kila mwanachama aliye fundi wa kazi yo yote amchukue mwanagenzi mmoja kutoka katika jamaa za chama, amfundishe mpaka aweze kusimama peke yake. Tena amfundishe na ramani na hesabu, asimfiche siri ya kazi. Mafundi wengine hapa mwajijua: mwanagenzi hukaa nanyi miaka mitatu akikoroga saruji tu, kwa kuwa mwaogopa atawanyang'anya kazi. Taylor aliwafundisha mamia, na hakupungukiwa. La tatu, twaomba wazazi wasimkejeli mtoto anayependa nyundo, wala wasimwachie ajinga kwa sababu apenda nyundo. Apate kalamu pia. Mtoto wa namna hiyo ndiye aliyejenga Tuskegee.

Wako watakaosema kwamba zamani tulidanganywa kwa maneno kama haya. Wazee wetu, hatujasahau. Tofauti ni hii: wakati ule mwingine ndiye aliyekuwa akituchagulia nyundo. Leo tunajichagulia wenyewe, na hakuna anayetunyang'anya kalamu, ila sisi tukiiweka chini.

Mama mmoja wa chama chetu, tulipomsomea hotuba hii kabla ya leo, alituuliza, "Huyo Taylor, watoto wake walimzika vizuri?" Tulimjibu kwamba walimzika kwao. Akasema, "Vema. Lakini naona alikuwa amekwisha kuwazika wote katika udongo mzuri, kama mbegu." Tulinyamaza, maana hatukuwa na neno la kuongeza juu ya hilo.

Mungu awarehemu wote waliotutangulia, wa hapa kwetu na wa ng'ambo. Nasi tulio hai atupe kuijua ramani ya kazi yetu kabla jua halijatua.